Ukuta Uliotoka Jasho

Mwayuma aliponitumia habari kwamba amerudi kuishi Kasongo na kwamba miguu yake haimtaki tena, nilipanda pikipiki kutoka Wamaza, mimi bibi mzima mwenye wajukuu waliokwisha kuoa, nikamkumbatia dereva kiunoni bila aibu yoyote, na mifupa yangu ikamlaani njia nzima. Nilimkuta kitandani, katika nyumba ndogo ya matofali mabichi, madirisha yote wazi, hata pazia hakuna. Tulishikana mikono muda mrefu. Kisha nikainama kusukuma mkoba wangu uvunguni mwa kitanda, nikaliona kapu. Lilikuwa limejaa makaa, vipande vikubwa, vikavu, visivyo na vumbi, na mtu yeyote angejua kwamba hayo si makaa ya kupikia. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama. Nikamwambia, "Bado unaweka?" Akajibu, "Si weye ulinifundisha." Baada ya hapo tukaanza habari za magonjwa na za watoto, kama wazee wote, na ule mwaka tukaupita kando kama watu wanaopita nyumba ya mdai. Lakini mimi, kwa siku zote nilizolala kwake, sikuwaza kitu kingine.

Nani alimzaa nani na ukoo ulitoka wapi nitawaachia wenye kupenda hesabu hizo. Inatosha mjue kwamba ilikuwa enzi za Wabelgiji, kwamba shangazi yangu Salima alikuwa ameolewa na Baba Ramazani, mfanyabiashara wa mpunga na vitambaa pale Kasongo, na kwamba Mwayuma alikuwa binti yao. Tulikuwa rika moja. Kwa familia za Kiislamu za mji ule, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, haonekani tena na wanaume wa nje mpaka siku ya kuolewa. Mwayuma alipofikia hali hiyo hakutaka kukaa peke yake, akalia mpaka akaugua, basi wakaja kunichukua mimi kwa bibi yetu Wamaza niwe mwenzake. Huko kwetu mashambani mambo hayakuwa makali hivyo. Msichana alifunikwa kichwa, ndiyo, lakini mihogo haijivuni yenyewe wala maji hayaji jikoni kwa miguu, kwa hiyo tulitoka. Niliingia Kasongo nikidhani naenda kutembea. Kumbe nilikuwa naenda kukaa.

Nyumba ilikuwa fahari ya Baba Ramazani. Ya zamani, ya udongo na majani, aliibomoa, akajenga ya matofali ya kuchoma, akaipaka saruji ndani na nje, juu akaweka mabati. Watu walikuja kuipigapiga kuta kwa vidole na kumpongeza. Ile ya zamani, Shangazi aliniambia, ilikuwa na jiko katikati, moshi ulipanda kwenye majani na kutoka wenyewe, na kuta zilikuwa zikinyonya unyevu usiku na kuutema mchana. Hii mpya haikunyonya wala kutema. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma. Kilikuwa na dirisha moja, na kwa kuwa dirisha hilo lilitazama njia ya watu wanaokwenda msikitini, lilipigiliwa misumari. Kwa kuwa hakuna mwanaume wa nje aliyethubutu kuingia chumba cha wari, wasichana waliowekwa ndani kama sisi, Baba Ramazani aliona hakuna ghala salama kuliko hilo, akapanga humo magunia ya mpunga wake kuanzia sakafuni mpaka karibu na dari. Basi tulikaa hivyo, wasichana na mpunga, wote tukingoja kutolewa kwenda kwa mtu.

Mvua zilipoanza, ukuta ukatoka jasho. Sisemi kwa mafumbo. Asubuhi ukipitisha kiganja, kiganja kinalowa. Matone yalikusanyika chini ya mabati, yakaangukia vyandarua, na mikeka ikaota ukungu mweupe upande wa chini. Viatu vya ngozi vya Mwayuma, alivyonunuliwa sikukuu, viligeuka kijani kabla hajavivaa mara ya pili. Sukari ilikuwa uji. Juzuu aliyokuwa akisomea ilivimba mpaka haikufungika. Na harufu, mpaka leo nikiingia nyumba iliyofungwa muda mrefu naisikia, harufu ya kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi, na roho yangu inasinyaa palepale.

Siku zetu zilikuwa za kusikia tu. Tulijifunza kujua kwa mchi ni nani anayetwanga majani ya mihogo kwa ajili ya sombe, Shangazi au mtumishi wake, kwa sababu Shangazi alitwanga kwa hasira na kupumzika kwa hasira. Harufu ya mawese ikichemka ilituambia saa. Chakula kililetwa na kuwekwa mlangoni, wali wa mpunga mpya, samaki wa Lualaba aliyekaushwa kwa moshi, siku za Ijumaa kuku. Sikuwahi kula vizuri namna ile maishani, na sikuwahi kula nikiwa na huzuni namna ile. Kutoka barazani sauti za wanaume zilipenya. Walilalamika juu ya pamba ambayo wakulima walilazimishwa kulima, juu ya barabara iliyokatika upande wa Kabambare, juu ya mzungu fulani aliyetaka kila mtu apake nyumba yake chokaa. Wakicheka, Mwayuma aliniuliza wanacheka nini, kana kwamba mimi nilikuwa na masikio mengine. Baadaye walianza kutaja majina ya vijana, mtoto wa nani ana duka, mtoto wa nani anajua kusoma, na hapo Mwayuma alianza kuchezea uzi wa mkeka.

Kifua chake kilikuwa dhaifu tangu utoto, lakini ndani ya chumba kile kiligeuka adui. Alikohoa akilala, akaamka akikohoa, na alipovuta pumzi ilisikika filimbi ndogo ambayo mimi nilizoea kuilalia. Mwishowe Shangazi alimwita muuguzi wa zahanati, yule tuliyekuwa tukimwita munganga. Walitundika shuka kati yake na sisi. Alisikiliza kifua cha Mwayuma kwa kupitisha mkono na kile chombo chake chini ya shuka, akiangalia pembeni kwa adabu. Kisha akanusa. Nilikiona kivuli chake kikigeuka huku na huku.

"Mama," alimwambia Shangazi, "huyu mutoto haiko na ugonjwa ya dawa. Iko na ugonjwa ya nyumba. Mumutoe humu."

Usiku huo Shangazi na mumewe walizungumza upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule ambao haukupitisha hewa ulipitisha maneno yote. Vyumba vya mbele ni vya wageni, alisema Baba Ramazani, na mwari hakai mbele. Shangazi akasema basi apelekwe Wamaza, yeye na Zaina, yaani mimi, tukae kwa Bibi. Mumewe hakupenda, maana Wamaza binti angeonekana shambani na posa zingepungua uzito. Lakini alimpenda mtoto wake, hilo sitamnyima. Kila alfajiri kabla ya kwenda kuswali alisimama mlangoni na kuuliza, "Amelala?" Mwishowe wakakubaliana hivi: chumba kijaribiwe kukaushwa, na kama mwezi wa kufunga utaandama kikiwa bado kinatoka maji, tuondoke.

Mwayuma alinikamata mkono gizani. Nilihisi anatabasamu.

Kesho yake Shangazi akanikabidhi kazi. Wewe ni wa shamba, alisema, unajua mambo ya Bibi yako. Na kweli niliyajua. Bibi aliweka makaa chini ya kitanda na ndani ya sanduku la nguo, na kila jua likitoka aliyaanika yateme maji yaliyonyonya. Alimwaga majivu makavu kando ya ukuta na kuyafagia yakishagandamana. Aliweka vitu vyake juu ya vichanja, mbali na ukuta, hewa ipite nyuma. Niliomba makapu, nikaomba majivu, nikaomba chumvi kwenye bakuli. Chumvi ilinyonya kweli, baada ya muda bakuli lilikuwa na maji, lakini Shangazi hakuweza kuvumilia kuona chumvi ikimwagwa, akaipeleka jikoni, na wiki nzima sombe ilikuwa na ladha ya chumba chetu. Hata yeye mwenyewe alicheka. Hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka alipocheka ndani ya mwaka ule.

Lakini nilifanya kazi ile kwa mkono mmoja, na sababu mnaijua. Mimi pia nilitaka kwenda. Niliota Wamaza nikiwa macho, niliota njia ya kisimani yenye tope, niliota kuungua na jua shingoni. Na Mwayuma, ambaye hakuwahi kukaa Wamaza zaidi ya siku za sikukuu, aliipamba kuliko mimi niliyezaliwa huko. Aliniuliza kama kweli kwa Bibi mlango unakaa wazi mchana kutwa. Nikasema ndiyo, hata mbuzi wanaingia. Alilifikiria jambo hilo la mbuzi kwa furaha kubwa.

"Acha ukuta utoke maji," aliniambia. "Usiyaanike ile makaa. Ukuta ukilia sana, watatutoa."

Kwa hiyo nikawa nayaacha makaa yalowe. Tukawa tunautazama ukuta kama wakulima wanavyotazama mawingu, tukifurahia kila tone.

Kisha ikaja siku ya kufua. Ilikuwa mchana, mvua inapiga mabati kwa kelele ambayo mtu hawezi kuitwa akasikia. Mwayuma alianza kukohoa, akakohoa mpaka kikohozi kikaisha na hewa haikuja nyuma yake. Alifungua mdomo, hakuna kitu. Midomo yake ilipoteza rangi. Nilipiga kelele, mabati yakazimeza. Nikamburuta mpaka kwenye dirisha lililopigiliwa, pale mbao mbili zilipoacha ufa, nikamkandamiza uso kwenye ufa ule, pua na mdomo, nikamwambia vuta, vuta. Alivuta kidogo. Kisha zaidi. Shangazi alipoingia na sahani alitukuta tumeganda pale. Jioni, alipoweza kusema, Mwayuma alinigeukia na macho yenye machozi na furaha, akasema, "Umeona? Sasa hawatabisha."

Nilimtazama nikaogopa kuliko nilivyoogopa mchana. Nilielewa kwamba angefika mwezi wa kufunga akiwa amekufa na bado angejiona ameshinda. Nikapiga moyo konde. Nikaamua kukikausha chumba kile kwa mikono miwili.

Nilianza kwa kuangalia, jambo ambalo mpaka hapo hakuna aliyelifanya. Sote tulikuwa tukiilaumu mvua. Lakini siku za mvua bila kufua, ukuta ulilowa kidogo. Siku za kufua, hata jua likiwaka nje, ulitiririka. Na nyuma ya magunia, ambako mvua haikuweza kufika, ndiko ukungu ulikuwa mnene. Niliinua macho nikaiona kamba iliyokatiza chumba kutoka ukuta huu hadi ule. Juu yake zilining'inia nguo zetu zote, vikwembe vya kujifunga, magauni na mashimizi, zikidondoka maji. Maana nguo za mwari hazikuanikwa nje. Shimizi ya msichana kuonekana na wapita njia ilikuwa sawa na yeye mwenyewe kuonekana. Tukizificha humo, zinakaukia humo, na maji yake hayana pa kwenda ila ukutani na kifuani mwa Mwayuma. Tulioga humo pia, kwenye beseni. Na mpunga wa Baba Ramazani, ulioingizwa kabla ya kukauka vizuri, ulikuwa ukihema pamoja nasi.

Nilimngoja Shangazi akae nikamwambia, "Shangazi, ile maji si ya mvua. Ni siye tunaleta, na nguo, na mupunga."

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo la ajabu kwake. Kisha akasema, taratibu, "Nguo ya mwari inje, mu macho ya watu? Weye Zaina, unataka waseme mimi nimelea nini?" Nikamjibu kwamba sijui watasema nini, ila kikohozi chake nakijua. Niliona anaitazama ile kamba, nguo baada ya nguo, kama mtu anayewatambua wageni waliomkalia nyumbani bila yeye kujua.

Baba Ramazani hakutaka kusikia habari ya kutoboa ukuta wake mpya ili hewa ipite. Alichokubali kusikia ni habari ya mpunga. Shangazi alimpelekea konzi moja kutoka gunia la chini, iliyoota ukungu na kunuka, akaiweka mbele yake. Siku ileile magunia yalihamia dukani. Konzi ile ilimlegeza hata juu ya ukuta: fundi naye akaja, sisi tukafichwa jikoni tumefunikwa, akatoa matofali juu kabisa chini ya mabati, upande huu na upande ule, mahali ambapo jicho la mtu hata kwa ngazi lisingefika kirahisi. Tuliporudi kulikuwa na vipande vya mwanga sakafuni. Mwayuma aliweka mkono wake kwenye kimoja akautoa haraka, kana kwamba kingemuunguza.

Na nguo? Shangazi alipata dawa yake mwenyewe, na sijaona mwingine akiifanya. Alianika nguo zetu uani, kisha juu yake akatandika za kwake, kikwembe juu ya shimizi, ili mpita njia akichungulia aone nguo za mwanamke mtu mzima tu. Zilichukua muda mara mbili kukauka, lakini zilikaukia nje. Nikasugua ukuta kwa ndimu na majivu, nikasogeza vitanda katikati, nikahamisha mtungi wa maji na beseni hadi kwenye ukumbi mdogo wa nyuma. Mlango wa uani tulifungua mchana jua likiwa kali, tukaufunga mvua ikianza. Makaa niliyaanika kila nilipopewa ruhusa ya ua, nikayarudisha yakiwa ya moto. Siku zikapita. Ukuta ukawa mkavu, kisha ukawa mweupe. Usiku mmoja niliamka na hofu, sikujua kwa nini, mpaka nilipogundua kwamba ile filimbi kifuani mwake haikuwapo.

Mwezi wa kufunga ulipoandama, Baba Ramazani aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani, akakigeuza akakitazama. Uso wake ulikunjuka. Alimtazama binti yake, ambaye mashavu yake yalikuwa yamerudi, akamshukuru Mungu kwa sauti, na mimi pia akanishukuru.

"Chumba imekauka," alisema. "Sasa ya kwenda Wamaza ni ya nini?"

Shangazi alikuwa nyuma yake. Aliinama akanyoosha mkeka. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu mwanzo, na bado lilinipiga kifuani. Wao walipotoka Mwayuma alinigeuzia mgongo, akasema akiutazama ukuta, "Umefunga mulango kwa mikono yako." Hakuniambia neno jingine mpaka sikukuu, na tulikuwa tukilala karibu kiasi cha kuweza kushikana mikono.

Aliolewa mvua zilipokoma. Mume alikuwa mtu mzima, mwenye duka upande wa Salamabila, mwenye adabu na mwenye kuta ndefu. Mwayuma alitoka chumbani amefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, akapandishwa gari, na kwa nilivyosikia alifunuliwa akiwa tayari ndani ya chumba kingine. Alipokuwa anatoka nilimwekea kikapu cha makaa katikati ya vitu vyake. Sikujua kama atakitupa njiani. Mimi nilibaki peke yangu mle, ndani ya chumba kikavu kabisa, nikisikiliza mchi wa Shangazi, mpaka na mimi zamu yangu ikafika. Nimelala vyumba vingi tangu hapo. Hakuna nilichokichukia kama kile, na hakuna nilichokifanyia kazi nzuri kama kile.

Jioni yangu ya mwisho nyumbani kwake, tulikuwa tumekaa yeye kitandani, mimi kwenye kigoda, tukila ndizi za kuchoma, nikaona siwezi kurudi Wamaza na jambo lile moyoni. Nikamuuliza kama aliwahi kunisamehe. Alitafuna kwa muda. Meno yamebaki machache.

"Miye nilikukasirikia miaka yote ile," alisema. "Kule kwa mume yangu, ndani, kila asubuhi. Nilisema, ingekuwa si Zaina, ningeliona Wamaza." Akavuta pumzi ndefu, safi, isiyo na filimbi, akaiachia. "Lakini hata ile pumzi ya kukasirika, ni weye ulinipa. Nimefanya hesabu mara nyingi, ndugu yangu. Haimaliziki."

Nililia kidogo, yeye hakulia. Nje mawingu yalikuwa yameshuka, na kupitia dirisha nikaiona kamba ya nguo zake, imefungwa kutoka nguzo ya nyumba hadi kwenye mti ulio kando ya barabara yenyewe, pikipiki zikiipita kwa karibu. Vikwembe vilikuwa upande mmoja, na upande wa barabara, mbele ya kila mtu, mashimizi yake yote. Matone ya kwanza yakaanguka. Nikasimama haraka, mazoea ya maisha mazima, nizianue.

"Kaa," alisema Mwayuma. "Acha zilowe. Zitakauka palepale inje."